Ruwaza za Matundu Katika Michoro ya Kompyuta: Mambo ya Kuangalia Programu Ibadilishwapo Toleo

Vitu vingi tuvitumiavyo kila siku vimeundwa kwa sehemu moja iliyorudiwa mara nyingi kwa mpango maalumu. Gurudumu la baiskeli aghalabu lina spoki 36 zilizopangwa kuzunguka kitovu. Dirisha lina nondo zilizosimama kwa nafasi sawa. Bomba kubwa la maji hufungwa na bomba jingine kwa flanji, yaani bamba la duara lenye matundu ya bolti yaliyopangwa kuzunguka mdomo wa bomba. Mpango wa namna hii, ambao umbo moja hurudiwa kwa kanuni moja, huitwa ruwaza.

Zamani fundi alichora ruwaza kwa bikari, rula na penseli. Siku hizi wahandisi walio wengi huchora kwa kompyuta, na programu za kazi hiyo zimekwisha kuingia katika vyuo vya ufundi na hata katika baadhi ya shule za sekondari. Programu hizo hutolewa matoleo mapya mara kwa mara, pengine kila mwaka. Makala hii inakusudia kueleza jinsi ruwaza inavyotengenezwa katika programu za namna hiyo, na kulijibu swali moja linalowasumbua watumiaji wengi: kwa nini mchoro uliokuwa sahihi katika toleo la zamani waweza kuharibika ufunguliwapo katika toleo jipya, hali hakuna mtu aliyegusa hata mstari mmoja? Jibu lake halihitaji utaalamu mkubwa wa kompyuta. Linahitaji jiometri ya sekondari na uangalifu.

Mchoro ulio orodha ya amri

Kompyuta yaweza kuhifadhi mchoro kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuhifadhi kama picha: mstari huu waanzia hapa na kuishia pale, duara hili lina kitovu hapa. Njia ya pili ni kuhifadhi hatua zilizofuatwa ili kulipata umbo. Kwa mfano: chora duara la kipenyo cha milimeta 220, lipe unene wa milimeta 20, toboa tundu moja la kipenyo cha milimeta 18, rudia tundu hilo mara 8 kuzunguka mhimili wa kati. Kila hatua katika orodha hii huitwa kipengele, na kila tarakimu iliyomo huitwa kigezo. Ndiyo maana programu zinazotumia njia hii huitwa programu za vigezo.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Katika njia ya kwanza, mtu akitaka matundu yawe makubwa zaidi hana budi kufuta matundu yote manane na kuyachora tena. Katika njia ya pili hubadilisha tarakimu moja tu, na kompyuta huirudia orodha ya amri tangu mwanzo na kulijenga umbo upya. Kazi hiyo ya kulijenga umbo upya tutaiita kukokotoa upya.

Wazo hili si geni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa Sketchpad. Ndani yake mtumiaji aliweza kuchora umbo moja la asili, kisha akaweka nakala zake nyingi mahali mbalimbali. Alipolibadilisha lile la asili, nakala zote zilibadilika pamoja. Mwaka 1985 Samuel Geisberg alianzisha kampuni ya Parametric Technology Corporation, na programu yake ya Pro/ENGINEER, iliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1980, iliifanya njia ya vigezo kuwa njia ya kawaida viwandani. SolidWorks ilifuata mwaka 1995. FreeCAD, ambayo haina malipo na hivyo yafaa sana kwa shule, ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mfano wa flanji

Hebu tuchukue flanji ya bomba la ukubwa wa milimeta 100, ya daraja la shinikizo la 16, kama inavyopimwa na viwango vya Ulaya. Kipenyo chake cha nje ni milimeta 220. Ina matundu 8 ya kipenyo cha milimeta 18, na vitovu vya matundu hayo vimo juu ya duara la kipenyo cha milimeta 180. Duara hilo la kufikirika tutaliita duara la bolti.

Ili kutengeneza ruwaza ya kuzunguka, programu huuliza mambo manne: ni kipengele gani kirudiwe, kizunguke mhimili gani, kirudiwe mara ngapi, na pembe iliyopo kati ya kimoja na cha pili ni ngapi. Matundu 8 yakigawana nyuzi 360, pembe ya kila pengo ni nyuzi 45. Umbali kati ya vitovu vya matundu mawili jirani hupatikana kwa trigonometria. Nusu ya pembe ya pengo ni nyuzi 22.5, basi umbali ni 180 mara saini ya nyuzi 22.5, ambao ni milimeta 68.9 hivi.

Jambo jingine latakiwa kukumbukwa. Kwa desturi ya mafundi wa mabomba, matundu ya flanji hayakai juu ya mstari wa wima wala wa mlalo upitao katikati. Mistari hiyo hupita kati ya matundu mawili. Kwa hiyo tundu la kwanza la flanji yetu huanza kwenye pembe ya nyuzi 22.5, wala si kwenye sifuri. Mahali pake, tukipima kutoka katikati, ni milimeta 83.15 kwa mlalo na milimeta 34.44 kwa wima. Msomaji azishike tarakimu hizi mbili, zitatufaa baadaye.

Kosa la tarakimu iliyoganda

Sasa tuseme mchoro huo huo unatakiwa utumiwe kwa bomba la milimeta 200 la daraja lile lile. Flanji yake ina kipenyo cha nje cha milimeta 340, duara la bolti la milimeta 295, na matundu 12 ya milimeta 22. Mchoraji abadilisha vipimo vyote, na mwisho abadilisha idadi kutoka 8 hadi 12. Lakini pembe ya pengo aliiandika 45 tangu mwanzo, na 45 imebaki. Itakuwaje?

Tundu la tisa litaangukia mahali pa tundu la kwanza, kwa kuwa 8 mara 45 ni 360. La kumi litaangukia la pili, la kumi na moja la tatu, na la kumi na mbili la nne. Orodha ya amri itasema matundu 12, lakini bamba litakuwa na matundu 8. Programu nyingine hukataa na kutoa onyo; nyingine hunyamaza.

Dawa yake ni kuandika kanuni badala ya jibu. Mahali pa pembe isiandikwe 45. Iandikwe 360 gawanya kwa idadi ya matundu. Hapo idadi ikiwa 12, pembe yenyewe huwa nyuzi 30, na umbali kati ya matundu jirani huwa 295 mara saini ya nyuzi 15, yaani milimeta 76.4 hivi. Kwa maneno mengine, mchoraji aiambie kompyuta nia yake, si matokeo ya hesabu aliyoifanya kichwani siku ile.

Nguzo na mapengo

Ruwaza ya mstari ulionyooka ina mtego wake. Mkulima akichimbia nguzo 5 katika mstari mmoja, mapengo kati yake ni 4. Lakini akichimbia nguzo 5 kuzunguka zizi, mapengo ni 5, kwa sababu nguzo ya mwisho hurudi kukutana na ya kwanza. Wanafunzi wengi hulisahau jambo hili, na hata watu wazima.

Programu nazo hutofautiana katika kuuliza. Moja huuliza urefu wote tangu tundu la kwanza hadi la mwisho. Nyingine huuliza nafasi iliyopo kati ya tundu moja na la pili. Matundu 5 katika urefu wote wa milimeta 200 yana nafasi ya milimeta 50. Mtu aliyezoea programu ya namna moja akiandika 200 katika programu ya namna ya pili, ruwaza yake itakuwa na urefu wa milimeta 800, na matundu yake yatatoka nje ya bamba. FreeCAD, mathalani, kwa miaka mingi iliuliza urefu wote. Katika toleo la 1.0, lililotolewa Novemba 2024, mtumiaji aliongezewa hiari ya kuandika nafasi kati ya umbo na umbo. Ongezeko la namna hii ni faida, lakini lamtaka mtumiaji asome kwanza jina la kisanduku kabla ya kuandika tarakimu aliyoizoea.

Kuna hiari nyingine inayostahili kutajwa. Programu yaweza kuirudia amri yenyewe mahali papya, au yaweza kunakili umbo tu lililotokana na amri. Katika bamba lenye unene mmoja, matokeo ni yale yale. Lakini tuseme bamba limeinama upande mmoja, na amri ya tundu inasema: toboa hadi uso wa chini. Ikirudiwa amri, kila tundu litapata kina chake. Likinakiliwa umbo, matundu yote yatakuwa na kina cha lile la kwanza, na mengine hayatafika chini. Mtu ahamapo toleo, hiari hii ni mojawapo ya zile za kukaguliwa.

Daftari la mahudhurio

Sasa tufikie kiini cha habari. Amri zilizo katika orodha hutegemeana. Tundu hutobolewa juu ya uso fulani. Pembe yake hupimwa kutoka ukingo fulani. Ruwaza huzunguka mhimili fulani. Kwa hiyo kompyuta haina budi kuzipa nyuso na kingo majina, ili amri inayofuata ijue inazungumzia ukingo upi. Na jina lililo rahisi kuliko yote ni namba: ukingo wa 1, ukingo wa 2, na kuendelea.

Hebu tutazame sanduku la kawaida. Lina nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Tukiukata ukingo mmoja kwa mshazari, kama seremala apunguzavyo makali ya ubao, sanduku litakuwa na nyuso 7, kingo 15 na vipeo 10. Je, ukingo uliokuwa wa 12 bado ni wa 12? Huenda ndio, huenda sio. Kompyuta imehesabu upya.

Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa daftari la mahudhurio. Tuseme wanafunzi wameandikwa kwa alfabeti, na kila mmoja ana namba. Muhula wa pili aja mwanafunzi mpya ambaye jina lake laanza na herufi B. Daftari likiandikwa upya, kila aliyefuata baada yake husogea namba moja. Ikiwa alama za mtihani ziliandikwa kwa namba tu bila jina, mwanafunzi wa 12 atapewa alama za mwenzake, wala hakuna hata herufi moja katika daftari iliyoandikwa vibaya. Kosa limetokana na kumtambulisha mtu kwa nafasi yake katika safu.

Toleo jipya la programu huleta hali kama hiyo. Chini ya kila programu ya vigezo kuna sehemu inayofanya hesabu za jiometri: kukata, kuunganisha, kutafuta mahali nyuso mbili zinapokutana. Watengenezaji huiboresha sehemu hiyo ili iwe na kasi au usahihi zaidi. Baada ya maboresho, uso uliokuwa mmoja waweza kutokea ukiwa vipande viwili, au kingo zile zile zaweza kutokea kwa mpangilio mwingine. Umbo ni lile lile kwa macho, lakini namba zimehama. Amri iliyosema "pima kutoka ukingo wa 12" yapima sasa kutoka mahali pengine.

Wataalamu wameshughulika na tatizo hili kwa miaka mingi. Njia yao ni kuupa ukingo jina linalotokana na asili yake: ukingo huu ni mahali uso uliotokana na mstari fulani unapokutana na uso uliotokana na mstari mwingine. Ni kama kumwita mwanafunzi kwa jina lake na la baba yake badala ya namba. FreeCAD 1.0 ilileta utaratibu wa aina hiyo, ambao umepunguza matatizo ingawa haukuyamaliza yote. Lakini mchoro uliotengenezwa kwa toleo la nyuma yake haukuwa na majina hayo. Haupati faida hiyo mpaka ukokotolewe upya ndani ya toleo jipya.

Kosa linalonyamaza

Amri ikikosa kabisa kuuona ukingo wake, programu hutoa alama nyekundu, na mtumiaji huona kwamba pana tatizo. Kosa la namna hiyo halina hatari kubwa. Hatari iko pale amri inapoupata ukingo mwingine, ikautumia, na kuendelea na kazi bila kelele.

Tuseme flanji yetu imeungana na kasha la pampu ambalo lina miguu ya kusimamia, na tundu la kwanza lilipimwa nyuzi 22.5 kutoka ukingo wa mguu. Baada ya kuhamia toleo jipya ukingo huo umebadilishana namba na mwenzake, na ruwaza yote imezunguka kwa nusu ya pengo. Sasa tundu la kwanza liko kwenye milimeta 90 kwa mlalo na sifuri kwa wima.

Mkaguzi ahesabu matundu: ni 8. Apima kipenyo: ni 18. Apima umbali wa jirani na jirani: ni 68.9. Apima duara la bolti: ni 180. Aiambie kompyuta itoe uzito, uzito haukubadilika. Aiambie ioneshe kitovu cha uzito, nacho hakikusogea, kwa sababu ruwaza iliyozungushwa katika mhimili wake ina ulinganifu ule ule. Kila kipimo kinasema mchoro ni sahihi. Lakini pampu itakapofikishwa kwenye kisima na kusimamishwa kwa miguu yake, kila tundu litakuwa milimeta 35 hivi mbali na tundu la bomba linalongoja, na bolti itakutana na chuma kitupu. Bamba lililo peke yake mtu angeweza kulizungusha. Kasha lenye miguu haligeuzwi. Kama makasha hayo yamekwisha subiwa kiwandani kwa makumi, hasara yake si ya mchoraji peke yake. Ni ya watu wanaongoja maji.

Kwa hiyo kanuni ya ukaguzi ni hii: kati ya vipimo vinavyokaguliwa, sharti kimoja angalau kiwe ni cha mahali, kilichopimwa kutoka kitu kisichohusika na ruwaza. Mahali pa tundu la kwanza, milimeta 83.15 na 34.44 kutoka katikati, kungetosha kulifichua kosa hili mara moja.

Lipo jambo la pili linalolificha kosa. Programu nyingi zifunguapo mchoro wa zamani huonyesha kwanza umbo lililohifadhiwa ndani ya faili, bila kuzirudia amri. Mchoro huonekana mzima. Amri hurudiwa siku mtu atakapobadilisha kipimo chochote, pengine baada ya miezi sita, na hapo ndipo ruwaza huvunjika. Mtumiaji hudhani kwamba badiliko lake dogo la siku ile ndilo lililoharibu, kumbe ubovu ulikuwa umelala tangu toleo lilipobadilishwa.

Tofauti za matoleo zimewahi kuleta hasara kubwa duniani. Mwaka 2006 kampuni ya Airbus ilitangaza kwamba ndege yake ya A380 ingechelewa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, na wale wa Toulouse, Ufaransa, walitumia matoleo mawili tofauti ya programu ya CATIA, la nne na la tano. Michoro ya nyaya haikulingana sawasawa na michoro ya umbo la ndege, na kila ndege ilikuwa na nyaya za urefu wa kilometa 530 hivi. Zilipofikishwa kiwandani, nyaya nyingine zilikuwa fupi mno. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mnunuzi Oktoba 2007, na hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya fedha za Ulaya. Tatizo lile lilihusu nyaya, wala si ruwaza za matundu, lakini funzo lake ni moja: matoleo mawili ya programu moja ni wasomaji wawili wa maandishi yale yale, na wasomaji wawili waweza kuelewa tofauti.

Jinsi ya kujenga ruwaza iliyo imara

Kabla hata ya kufikiria toleo jipya, mchoraji anaweza kujenga ruwaza isiyoyumba. Programu nyingi za vigezo zina vitu vitatu ambavyo havitokani na umbo lolote, na kwa hiyo havibadiliki umbo libadilikapo: nukta ya asili, mihimili mitatu, na mabapa matatu ya msingi. Tundu la kwanza na lipimwe kutoka bapa la msingi, wala si kutoka ukingo. Ruwaza na izunguke mhimili wa msingi, wala si mhimili uliobuniwa kutokana na uso wa tundu jingine. Kazi za urembo, kama kupunguza makali ya kingo, na ziwekwe mwisho wa orodha, ili zisizibadilishe namba za kingo zilizotangulia. Na idadi, pembe na vipenyo viandikwe katika jedwali la vigezo lenye majina yanayoeleweka.

Utaratibu wa kuhamia toleo jipya

Mtu anayehamisha michoro yake hadi toleo jipya afuate hatua hizi:

1. Aweke kando nakala ya faili la asili, wala asilifungue kwa toleo jipya. Kwa kawaida faili likishahifadhiwa kwa toleo jipya, toleo la zamani haliwezi tena kulisoma. Baadhi ya programu zimeanza kulegeza sharti hilo. SolidWorks ya 2024, kwa mfano, ilileta uwezo wa kuhifadhi kwa muundo wa matoleo mawili ya nyuma.

2. Akiwa bado katika toleo la zamani, aandike hati ya vipimo: idadi ya matundu, kipenyo, umbali wa jirani na jirani, mahali pa tundu la kwanza na la mwisho, na uzito.

3. Atoe pia nakala ya umbo kwa muundo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1994. Kwa kawaida nakala hiyo haina orodha ya amri, bali ina umbo tu. Kwa hiyo toleo jipya halina cha kukokotoa upya ndani yake. Ni shahidi asiyebadili ushahidi.

4. Afungue nakala katika toleo jipya, na mara moja alazimishe programu ikokotoe amri zote upya, kabla hajabadilisha kitu chochote.

5. Kama makosa yametokea, aanze na lile la juu kabisa katika orodha. Mara nyingi mengine yote hutokana nalo, na hutoweka likitengenezwa.

6. Asiifute ruwaza na kuijenga upya kwa haraka, kwa kuwa amri zinazoitegemea zitakosa mzazi. Aifungue, aone inataja ukingo upi, na auondoe ukingo huo na kuweka bapa au mhimili wa msingi.

7. Alinganishe matokeo na hati ya vipimo, kisha aweke umbo la STEP juu ya umbo jipya na kutazama kama vinafunikana. Yakiafikiana ndipo ahifadhi.

Uzito usidharauliwe, ingawa tumeona kwamba hautoshi peke yake. Katika flanji yetu yenye unene wa milimeta 20, tundu moja lina ujazo wa sentimeta za ujazo 5.09. Kwa chuma chenye densiti ya gramu 7.85 kwa sentimeta ya ujazo, tundu moja ni sawa na gramu 40 hivi. Basi flanji ikizidi kwa gramu 40, tundu moja limepotea. Ikizidi kwa 80, mawili. Uzito hutambua upungufu, na mahali hutambua mzunguko. Vyote viwili vinahitajika.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Flanji ya bomba la milimeta 150 la daraja lile lile ina kipenyo cha nje cha milimeta 285, duara la bolti la milimeta 240, na matundu 8 ya milimeta 22. Wanafunzi waichore kwa nusu ya ukubwa wake, tundu la kwanza likiwa kwenye nyuzi 22.5. Kisha wakokotoe umbali wa jirani na jirani na mahali pa tundu la kwanza, na kulinganisha na walichokipima kwa rula. Majibu ya ukubwa kamili ni milimeta 91.8 kwa umbali, na milimeta 110.9 na 45.9 kwa mahali.

Baada ya hapo kila mwanafunzi aandike amri za kuchora flanji hiyo kwa maneno, bila picha, na kumpa mwenzake aichore. Atakayeandika "anzia kwenye ukingo" ataona mwenzake akianzia mahali asipopakusudia. Atakayeandika "anzia kwenye mstari wa mlalo upitao kitovu, panda nyuzi 22.5" ataona michoro miwili ikifanana. Kompyuta haina tofauti na mwenzake huyo: husoma kilichoandikwa, wala haisomi kilichokusudiwa. Programu zitaendelea kutolewa matoleo mapya, na mchoro utakaodumu ni ule ambao nia ya mchoraji imeandikwa ndani yake waziwazi, hata msomaji mgeni asiweze kukosea.